Majani Mawili ya Mpakani

Kuna majani mawili kwetu ambayo mtu akipita juu juu atasema ni jani moja. Yote mawili hufika gotini mvua ikiwa nzuri. Masuke yake hupanuka kama vidole vya mkono, yenye rangi ya zambarau iliyochuja. Na yote mawili yana ndevu: kila kifundo cha bua kimezungukwa na manyoya meupe, kama kidevu cha mzee ambaye hajanyoa kwa wiki. Nimeona yakichanganywa hata na watu waliochunga ng'ombe maisha yao yote.

Baba alinifundisha kuyatenganisha nilipokuwa nachunga ndama wake, nje kidogo ya Sepuka. Alianza na suke. Alichuma moja la kila aina, akayaweka kwenye viganja vyangu, akaniambia nitazame punje nikielekea jua. Punje za jani la kwanza zilikuwa na kishimo kidogo mgongoni, kama zimedungwa na ncha ya sindano. Za jani la pili zilikuwa laini, hazina kitu.

"Na masuke yakishapukutika utafanyaje?" akaniuliza.

Sikujua. Akakata bua la lile la kwanza, akakikwangua kifundo kwa kucha, akanisogezea puani. Harufu ilikuwa kali, kitu kati ya ganda la chungwa na dawa ya kuchua. La pili lilinuka majani tu.

La kwanza huota kilimani, kwenye udongo mwekundu wenye kokoto. La pili huota lenyewe mbugani, kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Kwa Kinyaturu yana majina yake. Hapa nitayaita jani la kilimani na jani la mbugani, inatosha. Mama yeye hakuhitaji hata kuyaona. Alinusa maziwa ya jioni akasema, "Leo umewapandisha kilimani," na alikuwa hakosei.

Nayaandika haya kwa sababu majani hayo ndiyo yaliyoamua shamba la viazi la dada yangu.

Mashamba ya kwetu yanateremka kutoka kwenye nyumba mpaka mbugani. Sehemu za juu watu huweka mipaka kwa minyaa au mkonge. Kule chini minyaa haidumu, maji yakisimama mizizi inaoza. Kwa hiyo wazee waliacha mkanda wa majani kati ya shamba na shamba, upana wa kumtosha mtu kulala. Wengi waliacha yaote yenyewe. Baba hakutaka hivyo. Alibeba vitako vya jani la kilimani, mashina na mizizi yake, kwenye kikapu, safari baada ya safari, akavipanda mstari mmoja mpaka chini. Alisema jani la mbugani linaota popote, kwa hiyo halithibitishi kitu. Lakini jani la kilimani likionekana limesimama mstari kwenye udongo mweusi, hakuna upepo unaoweza kuleta mstari. Huo ni mkono wa mtu.

Mzee wa jirani alikuwepo siku ya kupanda, wakakubaliana, wakanywa pombe ya mtama. Alipofariki, shamba akalishika mwanawe, mtu wa rika langu. Tulichunga naye.

Mimi sikukaa. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimeshuka kwenye mashimo ya dhahabu Sekenke, nimepakia magunia Itigi, nimeuza mitumba Manyoni, nimerudi tena Itigi. Sijui kukaa mahali. Ajabu ni kwamba kila nilipofika nilikuwa natafuta majani ya kwetu. Siku moja pembeni ya reli pale Itigi nililiona jani la kilimani limejiotea kwenye kokoto. Nikachuma, nikakwangua kifundo, nikasimama nalo puani muda mrefu mpaka mpakiaji mwenzangu akaniuliza, "We, umevuta nini?" Nikamwambia nanusa nyumbani. Alicheka wiki nzima. Lakini kwenda nyumbani kwenyewe, nilikuwa naahirisha.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyebaki na baba. Mumewe alifariki, wakwe wakamwambia hana chake pale, akarudi na mafurushi yake. Baba akampa sehemu ya chini kabisa, ile inayopakana na jirani, ambako udongo hushika maji hata mvua ikikatika mapema. Akapiga matuta ya viazi. Viazi vile alivikatakata, akavianika, vikawa michembe, na michembe ndiyo ilikuwa chakula chao ile miezi ambayo kihenge kimebaki na vumbi la mtama. Ukimwondolea kipande kile, umemwachia udongo wa juu, ambao mwaka mbaya hautoi hata mbegu ya kurudisha.

Mwaka juzi, kiangazi kikiwa kinaelekea mwisho, alinipigia simu.

"Mtembezi, uko wapi leo?"

"Itigi. Shikamoo dada."

"Marahaba. Njoo. Jirani anasema mpaka ni ule mkanda wa ndani."

"Mkanda gani wa ndani?"

"Ile njia ya ng'ombe."

Nikaelewa mara moja. Ndani ya shamba letu, sambamba na mpaka, ilikuwapo njia tuliyopitisha ng'ombe kwenda kisimani. Kisima kilipokauka njia ikafa. Ardhi yake ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, jembe haliingii, tukaiacha. Mwaka baada ya mwaka jani la mbugani likaifunika. Sasa palikuwa na mikanda miwili ya majani yenye ndevu, imenyooka, inateremka pamoja mpaka mbugani. Katikati ya mikanda hiyo ndipo yalipokuwa matuta ya dada.

Niliporudi, baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nikamwamkia. Akaitikia, akanishika mkono, akaniuliza kama nimewarudisha ng'ombe wote. Ng'ombe wa mwisho tulimuuza siku nyingi.

"Amekuwa hivyo tangu lini?" nilimuuliza dada tukiwa jikoni.

"Tangu masika. Asubuhi ni mzima. Anajua nani kafa, nani kaoa. Jua likishapanda anaanza kuchanganya. Juzi alinisalimia kama mama yake."

"Na watu wanajua?"

"Nani nimwambie?" Alikoroga ugali kwa hasira. "Asubuhi namtoa nje, watu wanampita njiani wanasalimiana. Mchana namwambia alale."

Tulishuka shambani wawili. Ng'ombe wa watu walikuwa wamepita, majani yote yamegugunwa hadi vitakoni. Hapakuwa na suke hata moja, hapakuwa na punje ya kuinua juani. Vilibaki visiki vya manjano vyenye manyoya kwenye vifundo. Nilipiga magoti kwenye mkanda wa nje, nikang'oa kisiki, nikakwangua chini karibu na mzizi ambako bado palikuwa na unyevu. Harufu ikaja, hafifu lakini yenyewe. Nikaenda kwenye njia ya ng'ombe, nikakwangua. Hakuna kitu. Nikarudia sehemu nyingine, na nyingine. Dada alikuwa amesimama na mikono kiunoni.

"Sasa ukimaliza kunusa, utamwambia nani?"

"Baraza."

"Baraza watakusikia wewe? Watamuuliza aliyepanda."

Alikuwa anasema kweli. Kijijini kwetu mzee aliyeweka mpaka huulizwa kwa miguu. Wazee wa baraza wanakuja, mzee anatoka nyumbani kwake, anatembea mbele peke yake, na wote wanamfuata kimya. Hakuna kumtangulia, hakuna kumsemesha. Anaposimama akasema ni hapa, ni hapo. Mambo mengi yamekwisha hivyo bila watu kupelekana wilayani Ikungi. Kukataa neno lake kunawezekana, lakini kwa njia moja tu: mtoto wake wa kumzaa atamke mbele ya watu wote kwamba mzee huyu haulizwi tena. Na likishatamkwa, haulizwi kweli. Haitwi kwenye mahari, haketi na wazee msibani. Mambo ya nyumba yake yanahamia kwa ndugu zake.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea baba visiki viwili. Nilivifunika kwenye viganja, kimoja huku, kingine kule.

"Baba, hili ni lipi?"

Akalipokea, akalikwangua kwa kucha bila hata kulitazama, akanusa. "La kilimani. Umelitoa mpakani."

"Na hili?"

Akanusa, akalitupa. "Hilo bubu. Unanipima kama mtoto? Nimekufundisha mimi, sasa unanipima?"

Dada aliyekuwa anafagia uwanja alisimama akanitazama. Sikuwa nimemwona akitabasamu namna ile tangu aolewe. Tukaenda kwa mwenyekiti wa baraza, mzee mwembamba mwenye koti la siku zote, tukamwomba waje asubuhi. Akasema hapana shida, keshokutwa asubuhi mapema.

Siku yenyewe dada alimwogesha baba, akamvalisha shati jeupe na kofia yake. Jirani alifika kwa wakati. Alimwamkia baba kwa kuinama, na baba akamtaja kwa jina la ukoo, akamuuliza habari za wanawe mmoja mmoja bila kukosea. Nilimwona jirani akiingiwa na mashaka usoni. Alijua mpaka. Hilo siwezi kuliapia, lakini ndivyo nilivyomwona.

Baraza halikuja. Tulipiga simu, mwenyekiti akasema kuna mgonjwa amezidiwa upande wa pili wa kijiji, wanampeleka hospitali, tuvumilie. Baba akanywa uji. Kivuli cha nyumba kikawa kinasogea kuelekea ukutani. Dada alikuwa anaingia ndani, anatoka, anatazama jua, anaingia tena. Baba akavua kofia, akaivaa, akaivua. Kisha akaniuliza, "Ndama wameshanyweshwa?"

Pikipiki ya mwenyekiti ililia mchana jua likiwa limekaa utosini. Wajumbe wenzake wakaja kwa miguu, mmoja wao mama mnene aliyejipepea kwa mtandio.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mwenyekiti. "Naomba tufanye kesho asubuhi. Jua ni kali, baba amechoka."

"Marahaba. Kesho nina safari. Na hawa wameacha kazi zao."

Jirani akadakia, "Amechoka na nini? Kutembea kwenye shamba lake?"

"Wewe usiniharakishie baba yangu," dada akamwambia. "Shamba lenyewe unalolitaka halijakimbia."

"Dada, mimi nataka nini? Nataka mzee aseme. Akisema kule, mimi nanyamaza."

Baba alisikia. Akainuka na fimbo yake. "Nani amechoka?" akasema. "Nyie vijana ndio mmechoka, mnavizia vivuli." Wajumbe wakacheka, yule mama akapiga makofi. Baba akaanza kutembea.

Tulimfuata. Nilikuwa nyuma yake karibu sana, naona shingo yake na shati lililolowa jasho. Alipita uwanjani, akapita penye mawe ambapo lilikuwa zizi, na pale badala ya kukata kwenda mpakani, miguu yake ikageuka. Nikajua. Ilikuwa inapita ilikopita miaka yote akiwa na fimbo ileile mkononi, nyuma ya ng'ombe, kuelekea kisimani. Hata mwendo ulibadilika. Aliongeza hatua, na mara moja alinyoosha fimbo pembeni, kama mtu anayemzuia mnyama asiingie kwenye mtama.

Hakuna aliyesema neno. Ndiyo kanuni.

Alifika kwenye mkanda wa ndani, akasimama. Alionekana kama hajui kilichomleta. Kisha akaviona visiki. Akainama taratibu, akashika kifundo kwa vidole viwili, akapapasa zile ndevu. Nilimwomba kimoyomoyo akwangue. Alete puani tu. Akaziachia ndevu, akainuka.

"Hapa," akasema.

"Mzee, ndipo ulipopanda?" mwenyekiti akauliza.

"Unataka nikuchoree? Si unaona ndevu hizo?"

Wakacheka tena, kwa heshima. Jirani hakucheka. Alitazama chini.

"Mzee mwenyekiti," nilisema, "hayo siyo majani yenyewe. Hayo ni ya mbugani, yamejiotea kwenye njia ya ng'ombe. Aliyopanda baba ni yale kule, ukikwangua yananuka. Twende nikuonyeshe."

"Kijana," akaniita hivyo mimi mwenye mvi, "majani ni majani. Yote hayo yana ndevu."

"Yananuka tofauti. Kila mchungaji hapa anajua."

Mjumbe mmoja akasema, "Kweli, lipo linalonuka." Mwenyekiti akamwinulia mkono, kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya ubaya.

"Mimi sikatai kunusa. Lakini mzee amesimama. Neno lake lipo. Ili mimi nikanuse, kwanza hilo neno liondoke, na wewe unajua linaondokaje. Umeishi mbali lakini unajua. Sema, halafu tutanusa."

Baba alikuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa yamechangamka, kama mtu aliyefanya kazi nzuri anasubiri kusifiwa. Nilifungua mdomo. Dada akanishika mkono juu ya kiwiko, akaukaza mpaka ukaniuma.

"Baba amesema," akatamka, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Imekwisha."

"Dada..."

"Nimesema imekwisha. Shamba ni langu mimi, si lako. Baba, twende, uji unapoa."

Akamshika mkono, wakapanda kurudi nyumbani polepole. Wajumbe wakachimbia vigingi kwenye njia ya ng'ombe. Mimi nilibaki na kile kisiki cha la kilimani nilichokuja nacho, na yule mama mjumbe akakichukua, akanusa, akanirudishia.

Jioni nilimkuta dada anachambua mbegu za mtama. Nilimwambia angeniacha niseme.

"Ungesema, halafu?" Hakuacha kuchambua. "Wangemvua akili baba mbele ya watu. Kesho yake baba wadogo wangekuja kushika nyumba. Swali la kwanza wangeuliza, huyu mwanamke aliyekuwa ameolewa anakaa hapa kwa ruhusa ya nani. Mimi hapa nakaa kwa neno la baba. Neno lake likiwa halina kazi, mimi nakaa kwa lipi?"

"Mimi nipo."

Alinitazama, na ningependa angalau angekuwa na hasira. "Wewe uko wapi?" akasema. "Leo uko hapa. Kabla mtama haujachanua nitakupigia nikuulize uko wapi." Akapepeta, makapi yakaruka. "Na tena yule ni baba. Ulimwona alivyokuwa anakutazama."

Nilikaa. Nilijiambia safari hii nakaa. Mvua za kwanza ziliponyesha, jirani akaleta maksai. Alilima matuta ya dada, kisha akalima na mkanda wa nje, kwa sababu sasa haukuwa mpaka wa kitu chochote. Nilisimama nikaangalia vitako vikipinduliwa, mizizi juu, mstari mzima mpaka chini. Kulipokuchwa, mtu ambaye hajui angeapa kwamba hapo hapajawahi kuwa na kitu. Sasa hata likitokea baraza lenye subira, halina cha kunusa.

Sisi tulipanda mtama na alizeti kwenye udongo wa juu. Dada alijaribu tuta moja la viazi nyuma ya nyumba, kwa maji ya kuoshea vyombo. Mvua ilikatika mtama ukiwa umefika kiunoni, ukasimama hivyohivyo, majani yamejikunja kama sigara. Chini, kwenye udongo mweusi, mahindi ya jirani yalikuwa bado kijani. Siku moja alituletea debe la mahindi mabichi, akaliweka mlangoni, akaondoka bila kukaa. Dada aliyapika. Tulikula sote.

Baba naye alikuwa haendi tena mbali. Asubuhi moja, akili yake ikiwa safi kama maji, alikaa akitazama kule chini kwa muda, kisha akamwita dada.

"Mwanangu, mbona mwaka huu sioni matuta yako? Njaa hii, tutakula nini?"

Niliacha kunoa jembe. Dada alikuwa anasuka mkeka. Alipitisha ukindu, akauvuta ukakaza.

"Mwaka huu nimeupumzisha udongo, baba."

"Vizuri," baba akasema. "Ule udongo unataka kupumzika. Mwakani utakupa." Akaanza kumweleza jinsi ya kupanga matuta maji yasisimame, aanzie wapi, aache nafasi gani mpaka mkanda wa majani. Alieleza vizuri, hakukosea hata kidogo, na dada akawa anaitikia, "Ndiyo baba. Ndiyo baba," mpaka alipomaliza.

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Itigi kutafuta kibarua, ili nitume chakula. Dada aliniambia nisiahidi siku ya kurudi.